Ubao wa begeli na samoni wa moshi kwa watu 12

Swali: "Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wangu wa tatu Jersey City. Katika jengo letu majirani tuna desturi ya kula pamoja ukumbini Jumapili moja moja, saa tano asubuhi, chakula kile ambacho wenyewe wanakiita branchi. Kila mtu hupangiwa cha kuleta, na safari hii nimepangiwa ubao wa begeli, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, na samoni wa moshi. Tutakuwa 12. Jirani mmoja ana mimba ya miezi sita, na yupo mzee Myahudi anayekula kosheri. Nimetazama picha mtandaoni hadi nimechanganyikiwa: zabibu, chokoleti, salami, matunda ya kila rangi. Ninunue nini, kiasi gani, na nipange vipi? Samoni huyo mwenyewe sijawahi hata kumwonja."

Marahaba, binti yangu. Miaka tisa nilisimama nyuma ya kaunta ya samaki wa moshi jijini New York, nikimkata samoni kuanzia alfajiri, na sasa napika kwenye shughuli za watu. Maswali kama lako hunijia sana, na karibu yote yameanzia kwenye picha hizo hizo. Achana nazo. Sinia zile hupangwa kwa ajili ya kamera. Zabibu zikikaa ubavuni mwa samaki hutoa maji, chokoleti huyeyuka, na mgeni anabaki ameshika sahani hajui aanzie wapi. Ubao unaotoka jikoni kwangu una sharti moja: kisichoingia ndani ya begeli hakipandi. Ukilishika sharti hilo, orodha ya sokoni inakuwa fupi, na pesa yako inakwenda kwenye vitu viwili vinavyoistahili, yaani mkate na samaki.

Salami iondoe kabisa, na si kwa sababu ya ladha tu. Mlo huu una wenyewe. Walioukuza ni Wayahudi waliohamia New York kutoka Ulaya Mashariki, na katika sheria zao za chakula nyama haichanganywi na maziwa. Samaki mwenye mapezi na magamba hahesabiwi nyama, kwa hiyo wengi wao humla na jibini bila shida. Hata maduka yao yaligawanyika hivyo: deli likauza nyama, na duka la aina ya pili likauza samaki wa moshi na vitu vya maziwa. Russ & Daughters, ambalo historia yake inaanzia 1914 na lipo mpaka leo mtaa wa Houston, ni la aina hiyo ya pili. Barney Greengrass ni la 1908. Ukipata nafasi ya kuvuka mto ukaingia mojawapo, ingia, simama tu uwatazame wakatao samaki. Utajifunza mengi kuliko ninavyoweza kukuandikia hapa.

Sasa samaki, maana hapo ndipo wengi hupotea. Dukani utakutana na majina kadhaa na wauzaji wenyewe huyachanganya. Lox ni neno lililotoka kwenye Kiyidi, maana yake samoni basi, lakini kwa asili ni mnofu wa tumbo uliolowekwa kwenye maji ya chumvi bila kuguswa na moshi. Una chumvi kali. Ulizoeleka tangu enzi ambazo samaki walisafirishwa kwa treni ndani ya mapipa kutoka upande wa Pasifiki, friji hazijaenea. Nova ametiwa chumvi kidogo, kisha akapitishwa kwenye moshi wa baridi. Jina ni la Nova Scotia ya Kanada, ingawa leo wengi wanaouzwa kwa jina hilo wamefugwa Norwei, Skotilandi au Chile. Moshi wa baridi maana yake joto halizidi nyuzi 30 hivi za Selsiasi, kwa hiyo nyama haiivi: inabaki laini, inang'aa, inakatika nyembamba kama karatasi. Wa moshi wa moto, yeye ameiva na anachambuka, mfano wa sato wa kubanika wa Mwanza. Na gravlax, wa Skandinavia, hana moshi kabisa. Amelazwa kwenye chumvi, sukari na shibiti, yale majani membamba kama nywele. Huyo msomee lebo vizuri, kwa kuwa wapo wanaomnyunyizia pombe kali, na katika watu 12 huenda yumo asiyeitumia.

Wewe nunua Nova, aliyekwisha kukatwa. Piga hesabu ya gramu 60 kwa kila mtu, basi gramu 700 zinakutosha. Akikuambia mtu ununue kilo moja na nusu, usimsikilize. Samaki huyu ana mafuta na chumvi, vipande viwili au vitatu vinaenea begeli nzima. Katika pakiti tafuta vipande ambavyo mistari myeupe ya mafuta inaonekana wazi na kingo hazijakauka. Kimiminika kidogo chini ya pakiti si neno, kikiwa kingi iache. Ukimkuta samoni mwekundu sana ni sockeye, wa kuvuliwa baharini, mara nyingi kutoka Alaska. Ladha yake nzito naipenda, ila hana mafuta mengi na hukauka upesi mezani, na kwa mara yako ya kwanza nisingekushauri.

Ukimnunua akiwa ameganda, ifungue pakiti kabla hujamweka kwenye friji ayeyuke. Usimwache ayeyukie ndani ya pakiti iliyofyonzwa hewa. Kuna bakteria wa sumu ya botulini wanaostawi mahali pasipo na hewa, na aina inayohusiana na samaki inaweza kukua hata kwenye ubaridi. Itoboe tu plastiki kwa kisu, mweke kwenye bakuli, mfunike, alale friji usiku kucha.

Kumpanga kuna namna yake. Toa pakiti kwenye friji dakika kumi kabla, si zaidi, ili mafuta yalegee kidogo. Akiwa baridi kupita kiasi anachanika. Kati ya vipande huwa kuna karatasi nyembamba ya plastiki. Ishike karatasi kwa kona, uinue kipande pamoja nayo, kisha kigeuze juu ya sahani na uivue karatasi taratibu ukianzia upande mpana. Utaona katikati ya baadhi ya vipande kuna mstari wa kahawia, nyama iliyokuwa karibu na ngozi. Inalika, lakini ina ladha kali ya samaki. Mimi huutoa kwa ncha ya kisu. Halafu usikilaze kipande kikiwa bapa. Kikunje mara moja, ukiache kijikunje chenyewe kama ukingo wa leso iliyoangushwa kitandani, na kinachofuata kikiegemee kidogo tu. Mgeni anapochota kwa uma anainua kipande kimoja badala ya kuvuta bonge zima. Vidole vyako vitang'aa mafuta. Vifute mara kwa mara, usije ukaishika jibini navyo.

Jirani mjamzito hatakula samaki huyu, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito. Samaki wa moshi wa kwenye friji anaweza kubeba Listeria, bakteria anayeendelea kuzaliana hata ndani ya friji, na kwa mjamzito anaweza kusababisha mimba kuharibika. Mamlaka za chakula za Marekani huwashauri wajawazito, watu wa miaka 65 na kuendelea, na wenye kinga dhaifu wamwepuke, isipokuwa akipikwa hadi nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 za Farenhaiti. Samaki wa kopo hana tatizo hilo. Lakini mgeni hafurahi kupewa kopo wenzake wakila samoni, kwa hiyo mpikie chake. Nunua mnofu mbichi wa gramu 400, upake chumvi, pilipili manga na kijiko cha sukari ya kahawia, uoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi kiasi cha robo saa mpaka ndani ufike nyuzi 63. Ukipoa, uchambue vipande vikubwa. Utakuwa umemwandalia kitu kinachokaribiana na samoni wa moshi wa moto, na nakuhakikishia wengine wataukimbilia. Uweke kwenye sahani yake na uma wake, mbali na Nova, na jibini yake uitenge kwenye kibakuli. Mnong'oneze mwenyewe kabla watu hawajakaa, asianze kuuliza mbele ya watu. Nakuachia wewe upime kama mzee wenu naye anahitaji kuambiwa habari ya miaka 65. Wazee wa New York wamemla samaki huyu maisha yao yote na wengi wameshaamua. Mwambie mara moja kwa adabu, kisha mwachie.

Kuhusu kosheri, usibuni. Mwulize yeye mapema anachokubali, kwa sababu watu hutofautiana. Wapo wanaotosheka na samaki na jibini zenye alama ya kosheri kwenye lebo, kama ile U iliyo ndani ya duara, na wapo ambao hawatakula kilichokatwa kwa kisu cha jikoni kwako, kwa kuwa kisu hicho kimekata nyama. Kwa hao mnunulie begeli yake kutoka duka lenye cheti, na umpelekee pakiti yake ndogo ya samaki na ya jibini zikiwa bado zimefungwa, pamoja na sahani na kisu vya plastiki. Kumuuliza hakutamuudhi hata kidogo.

Begeli. Kumbukumbu za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków, Polandi, za mwaka 1610 tayari zinaitaja, na kinachoifanya iwe begeli hakijabadilika: donge linaviringwa kama bangili, linachemshwa kwenye maji yenye kimea, ndipo linaokwa. Yale maji yanaupika uso wa unga kabla ya oveni, ganda linakuwa gumu na la kung'aa, na ndani kunabaki kumeshikana, unatafuna kweli. New York waokaji wa begeli walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, Local 338, na kazi ilikuwa ya mikono mpaka miaka ya 1960, mvumbuzi Daniel Thompson alipoingiza mashine yake ya kuviringa begeli. Begeli nyingi za supamaketi leo hupitishwa kwenye mvuke tu badala ya kuchemshwa, ndiyo maana zinabonyea kama skonzi. Ukiwa dukani ishike. Inatakiwa iwe nzito mkononi, ganda liwe na vimalengelenge vidogo, na ukiibonyeza irudi.

Chukua 15, na uzichukue asubuhi ile ile ya Jumapili. Sita za kawaida, nne za ufuta, tano za mchanganyiko wa ufuta, kitunguu, kitunguu saumu, chumvi na mbegu za popi, ule mmea unaotoa kasumba. Hizo tano zifungwe mfuko wao, la sivyo zote zitanuka saumu hadi ile atakayotaka kula mtoto na jemu. Ufuta tangu Januari 2023 umo katika orodha ya vizio tisa vikuu ambavyo sheria ya Marekani inadai vitajwe kwenye lebo, kwa hiyo uliza kama kuna mtu unamdhuru. Na mbegu za popi zinaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Mwaka huo huo wa 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwashauri wanajeshi waziepuke. Kama jengoni kuna dereva au askari anayepimwa kazini, atakushukuru ukimwonyesha ni zipi. Ndugu zetu mlioko Dubai na Abu Dhabi, nyinyi msizibebe kabisa, kule ni marufuku.

Begeli isiingie friji. Ubaridi ule ndio unaoigeuza jiwe, kwani wanga hukakamaa haraka zaidi kwenye friji kuliko mezani. Zikibaki, zipasue na kuzitia friza. Na ikiwa ya asubuhi hiyo, usiitie kwenye tosta. Najua wengi watakubishia. Begeli ya moto inaiyeyusha jibini na kumtoa samaki mafuta, na ulichokilipia kwa bei kubwa kinakuwa uji. Tosta ni ya begeli ya jana, na hata hiyo iache ipoe kidogo.

Jibini ya krimu nunua pakiti tatu za gramu 226. Mbili ziache zilivyo. Ya tatu ichanganye na majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo na maganda ya limau yaliyoparuzwa, Jumamosi usiku, ili ladha ziingie. Kwa mjamzito hakikisha lebo inasema maziwa yamepashwa moto kuua vijidudu. Kwa jibini hii ya dukani Marekani ni kawaida. Itoe friji nusu saa kabla ya kula, maana ikiwa baridi inaivunja begeli. Usinunue ile iliyochanganywa na samaki tayari: una samaki wako.

Mboga ni za haraka, ila zikaushe. Nyanya nne kubwa zikate vipande vyembamba, zinyunyizie chumvi, zilaze juu ya karatasi za jikoni dakika kumi na tano. Utashangaa maji yatakayotoka, na maji hayo ndiyo yangeilowesha begeli. Tango moja refu. Kitunguu chekundu kikubwa kimoja, kikate vipete vyembamba, ukifikiche na chumvi na kukisuuza kama unavyofanya kwa kachumbari, kisha kikae kwenye maji ya barafu. Hapo mkono wako wa nyumbani umeshakutangulia. Wenzangu wengi huku huleta kitunguu kikali kinachofunika ladha ya samaki wote. Malimau matatu, shibiti fungu moja, na kichupa kidogo cha kepasi, vile vitumba vya maua vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi. Zisuuze na uzikaushe. Mwonyeshe mgeni azibonyeze ndani ya jibini kabla ya kuweka samaki, zisimdondoke mapajani.

Sasa kupanga. Ubao wa mti ni mzuri kwa begeli na mboga, lakini samaki usimlaze juu yake: mti hunywa mafuta na harufu, na hauna ubaridi. Kama una sinia la bati au alumini ulilotoka nalo nyumbani, hilo ndilo litakalokufaa. Litie friza nusu saa, kisha lilaze juu ya trei yenye barafu, na samaki apangwe humo. Bati linapitisha ubaridi vizuri kuliko kauri. Sinia likae katikati ya meza, jibini kushoto kwake, begeli zilizokwisha kupasuliwa mwanzo wa foleni, kisha mboga, na limau mwisho. Mpangilio ni wa mkono wa mtu anayejenga: begeli, jibini, kepasi, samaki, kitunguu, nyanya ikiwa anaitaka. Uma mmoja kwa samaki, kisu kwa kila jibini. Usijaze meza.

Na usimtoe samaki wote kwa pamoja. Hili nililijua kwa gharama. Asubuhi ya harusi moja, mwezi wa Julai, nilimpanga samaki wa watu 60 kwa mkupuo mmoja kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha. Bibi harusi akachelewa. Jua likasogea. Nilipomgusa samaki alikuwa vuguvugu, mafuta yamemtoka yametanda kwenye sahani, na nilimtupa zaidi ya nusu yake mbele ya mama mzazi aliyemlipia. Tangu siku ile natoa nusu, nusu nyingine inakaa friji, chini ya nyuzi 4, mpaka ya kwanza ipungue. Chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama joto linazidi nyuzi 32 basi saa moja. Andika kwenye kikaratasi saa uliyomtoa, ukibandike chini ya sinia.

Ijumaa usiku mhamishe samaki kutoka friza. Jumamosi changanya jibini, oka ule mnofu, safisha shibiti. Jumapili saa mbili asubuhi fuata begeli. Saa nne anza nyanya na kitunguu. Saa nne na dakika ishirini sinia liingie friza. Samaki apangwe saa tano kasoro dakika kumi, watu wakiwa tayari wanaingia ukumbini, na wakikukuta unampanga wala si aibu.

Vipande vitakavyobaki kwenye friji, vile ambavyo havikutoka mezani, vihifadhi. Jumatatu asubuhi kaanga kitunguu kwa siagi polepole mpaka kiwe rangi ya asali, mimina mayai matatu yaliyokorogwa, na yakianza kushika tia vipande hivyo, ukoroge hadi samaki apauke. Usiongeze chumvi. Kata ile begeli ya jana, na hii sasa itie kwenye tosta.